Subana za Plastiki na Nyuzi za Banjo: Gitaa Lilivyoshushwa Sauti

Mdogo wangu alikuja geto kwangu na gitaa lake la umeme akilalamika kwamba ameuziwa nyuzi feki. Alikuwa amezishusha zote sita kwa nusu toni tatu ili apige nyimbo za Black Sabbath jinsi zilivyorekodiwa, na sasa gitaa lilikuwa linatoa mlio wa kamba ya kuanikia nguo. "Kaka, hizi siyo nyuzi, hizi ni tambi."

Nilizikagua. Zilikuwa nyuzi nzima kabisa, seti ya kawaida inayoanza na uzi wa inchi 0.010. Shida haikuwa kwenye nyuzi, ilikuwa kwenye hesabu. Kushusha nusu toni tatu kunaondoa karibu asilimia 30 ya mkazo wa kila uzi, na mkazo ndio unaoufanya uzi ukae kama uzi. Ukimuuliza fundi yeyote atakwambia: ukishusha sauti, funga nyuzi nene. Ushauri mzuri. Lakini jamaa ambaye mdogo wangu alikuwa anamuiga alifanya kinyume kabisa, na alikuwa na sababu.

Tony Iommi alizaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, alikuwa fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha vyuma, na alikuwa ameshaamua kuacha kazi ili akapige muziki na bendi. Siku yake ya mwisho kazini, mtu wa mashine ya kukandamiza bati hakutokea, Iommi akawekwa pale kuziba nafasi. Mwenyewe amesimulia kwamba mchana alirudi nyumbani kula na hakutaka kurudi tena, mama yake akamwambia kazi inamalizwa vizuri. Akarudi. Mashine ikashuka juu ya mkono wake wa kulia na kukata ncha za kidole cha kati na cha pete.

Kwa wapiga gitaa wengi mkono wa kulia ni wa kugonga nyuzi, na hapo ungeweza kusema afadhali. Ila Iommi ni mashoto. Mkono wake wa kulia ndio unaobana nyuzi kwenye shingo ya gitaa, kazi ambayo ncha za vidole ndizo zinazoifanya.

Msimamizi wake kiwandani alimletea rekodi ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa Ufaransa ambaye mwaka 1928 aliungua katika moto wa kibanda alimokuwa anaishi, na tangu hapo akawa anapiga solo zake kwa vidole viwili tu vya mkono wa kushoto. Iommi alipata moyo, lakini moyo haubani uzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akatengeneza subana mbili za kuvika vidole, akazisugua mpaka zikaenea, kisha akazifunika kwa ngozi ili zisiteleze. Zilifanya kazi, kwa gharama mbili. Kwanza, subana haina hisia: hujui umebana kwa nguvu kiasi gani mpaka usikie sauti. Pili, kubana na kuvuta nyuzi nene za wakati ule kuliumiza vidole visivyo na ncha.

Nyuzi nyepesi za gitaa wakati ule hazikuwa rahisi kupatikana Uingereza. Marekani kulikuwa na ujanja wake: mwishoni mwa miaka ya 1950 James Burton alikuwa anafunga nyuzi za banjo kwenye gitaa ili aweze kuzivuta, na mwaka 1962 Ernie Ball, mwenye duka la magitaa California, alianza kuuza seti nyepesi chini ya jina Slinky. Iommi naye aliishia kwenye banjo. Akafunga nyuzi za banjo pale juu kwenye sauti nyembamba, na zile za gitaa akazishusha nafasi kwenda chini.

Kwa nini ujanja huu unafanya kazi? Hapa inabidi turudi nyuma karibu miaka 400, kwa mtu ambaye leo anakumbukwa zaidi kwa sababu ya mwanawe.

Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alikuwa mpiga zeze la Ulaya linaloitwa luti. Enzi zake wasomi walikuwa wanarudia hadithi ya Pythagoras, kwamba ukitaka sauti ipande oktavu moja, uzi unaning'iniziwa uzito mara mbili. Hadithi ilikuwa na miaka zaidi ya elfu moja na kila mtu aliinakili. Vincenzo akafanya jambo la ajabu kwa wakati huo: akaning'iniza mizigo na kusikiliza. Mara mbili haikutosha. Ilihitajika mara nne. Akalichapisha hilo mwaka 1589, na binafsi naona ni moja ya majaribio mazuri kabisa katika historia ya sayansi, maana lilihitaji uzi, mawe na sikio tu, na bado hakuna aliyekuwa amejisumbua.

Mwaka 1636 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alichapisha kanuni yenyewe. Idadi ya mitetemo ya uzi kwa sekunde inategemea vitu vitatu: urefu wa uzi, mkazo wake, na uzito wake kwa kila mita. Uzi ukiwa mrefu mara mbili, mitetemo inakuwa nusu. Mkazo unaingia kwa kipeuo cha pili, ndiyo maana Vincenzo alihitaji mzigo mara nne ili mitetemo iwe mara mbili. Uzito nao unaingia kwa kipeuo cha pili ila kwa upande wa pili: uzi mzito zaidi unatetema polepole zaidi.

Tuirudishe kwenye gitaa la mdogo wangu. Uzi wake wa kwanza unatakiwa kutetema mara 330 hivi kwa sekunde. Kwa gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 24.75, mfano Gibson SG aina aliyokuwa anapiga Iommi, uzi wa chuma wa 0.010 unahitaji mkazo wa kama kilo 7 kufika hapo. Ukishusha nusu toni tatu mitetemo inakuwa 277, na mkazo unaporomoka mpaka kilo 5. Mitetemo imepungua asilimia 16 tu, mkazo asilimia 29. Nyuzi zote sita kwa pamoja zinavuta shingo kwa takriban kilo 45, kwa hiyo tumeondoa kilo 13 hivi. Sasa chukua uzi mwembamba wa 0.008 na uushushe vilevile: unapata kilo 3 na kidogo, chini ya nusu ya mkazo wa mwanzo. Kwa mtu anayebana kwa subana za plastiki, tofauti hiyo ndiyo kupiga au kutopiga.

Kuna sehemu moja ya hadithi hii inayosimuliwa vibaya. Watu husema Iommi aliumia, akashusha gitaa, muziki wa metali nzito ukazaliwa. Tarehe hazikubali. Albamu mbili za kwanza za Black Sabbath zilitoka mwaka 1970, miaka mitano baada ya ajali, na kwa sehemu kubwa zimepigwa kwa sauti ya kawaida ya gitaa. Nyuzi nyepesi zilitangulia. Kushusha sauti kulikuja kwenye albamu ya tatu, Master of Reality ya mwaka 1971, katika nyimbo kama Children of the Grave na Into the Void, na Geezer Butler akashusha besi lake pia ili waende pamoja. Mkono ulikuwa sababu mojawapo. Uzito wa sauti yenyewe, ambao bendi ilishaanza kuutafuta, ulikuwa nyingine.

Kwa hiyo ile sauti ambayo watu wanaiita nzito kuliko zote wakati wake ilitoka kwenye nyuzi nyepesi zilizolegea. Nilipomwambia mdogo wangu, alidhani namtania.

Ulegevu una bei yake. Uzi uliolegea unapepesuka kwa upana zaidi, unagonga freti na kuvuma. Na ukiugonga kwa nguvu, noti inaanza juu kidogo kisha inashuka mahali pake. Sababu ni rahisi: kuugonga uzi kunauvuta kidogo, na nyongeza ile ile ya mkazo inakuwa kubwa kwa uzi wenye kilo 3 kuliko wenye kilo 7. Iommi alijifunza kuishi na hilo kwa mkono mwepesi. Wengi waliomfuata, wenye vidole kumi kamili na hamu ya kugonga kwa nguvu, walienda njia ya fundi: shusha sauti, nenepesha uzi.

Unenepeshe kiasi gani? Mersenne anatupa jibu bila kubahatisha. Ili mkazo urudi ulipokuwa baada ya kushusha nusu toni tatu, kipenyo kiongezwe kwa asilimia 19. Uzi wa 0.010 unakuwa 0.012. Uzi wa sita wa 0.046 unakuwa 0.054 hivi. Ndiyo seti ambayo dukani inaandikwa 12 hadi 54.

Lakini unene nao una kikomo, na wapiga luti walikijua zamani. Uzi wa utumbo wa kondoo ukiwa mnene sana unakuwa kama fimbo, haupindiki vizuri, sauti inakufa. Dawa ya kwanza ilikuwa kurefusha ala, ndiyo maana kuna luti za kale zenye shingo ndefu kupita kimo cha mtoto. Ya pili ilitangazwa London na John Playford mwaka 1664: uzi wa utumbo uliozungushiwa waya mwembamba. Waya unaongeza uzito bila kuongeza ukakamavu mwingi. Angalia nyuzi nene za gitaa lolote leo, utauona huo ujanja wa 1664.

Dawa ya urefu nayo imerudi. Korn walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1994 walitumia magitaa ya nyuzi saba, yote yakiwa yameshushwa toni nzima, na siku hizi anayeshuka huko hutafuta gitaa la inchi 27 badala ya 25.5. Inchi moja na nusu inaonekana kidogo, ila inaongeza mkazo kwa asilimia 12 hivi kwa uzi ule ule na noti ile ile.

Mdogo wangu nilimpa chaguo mbili: abaki na tambi zake na ajifunze kugonga taratibu, au tufunge 12 hadi 54. Anagonga kama anapasua kuni, kwa hiyo tulifunga nene. Uzi wa sita haukuingia kwenye mfereji wake pale kichwani mwa shingo, tukautanua taratibu kwa tupa ndogo, maana ukikata zaidi hakuna kurudi. Mlio wa kamba ya nguo uliisha. Kilichobaki ni kwamba sasa hawezi kuuvuta uzi wa tatu bila kukunja uso, na solo ya Into the Void ina kuvuta kwingi.