Kishale na Tarakimu Nne

Chukua daftari la hesabu na penseli. Andika 0110: hiyo ni picha iliyoko kwenye kioo cha kompyuta. Chini yake andika 1111: hicho ni kishale kinachokatiza juu ya picha. Sasa linganisha tarakimu mojamoja. Zikifanana weka 0, zikitofautiana weka 1. Unapata 1001, na kishale kinaonekana. Kisha pitisha 1111 ileile juu ya 1001. Inarudi 0110, picha imebaki salama.

Mtoto wa sekondari mwenye akili anaweza kuibuni mbinu hiyo mchana mmoja. Wahandisi huiita XOR, na miaka ya 1970, kumbukumbu ya kompyuta ilipokuwa ghali, thamani yake ilikuwa kubwa: hukuhitaji kutunza nakala ya kile ambacho kishale kimekifunika.

Mwaka 1980 Marekani ikaitolea mbinu hiyo hataza namba 4,197,590. Ilipoangukia mikononi mwa kampuni ya Cadtrak, watengenezaji wa kompyuta wakaanza kudaiwa. Mwaka 1991 League for Programming Freedom, chama alichokiasisi Richard Stallman, kiliandika kwa uchungu kwamba mahakama zilikuwa zimeithibitisha hataza hiyo mara mbili, ilhali mbinu ilitumika angalau miaka mitano kabla ya maombi kupelekwa, na kwamba Cadtrak ilikuwa ikivuna mamilioni ya dola.

Mimi nimeifuata njia hii nyuma zaidi, nikafika 1917. Gilbert Vernam, mhandisi wa AT&T, alikuwa akitafuta namna ya kuficha ujumbe wa telegrafu. Alichukua utepe wa karatasi wenye matundu ya ujumbe, akaulinganisha na utepe wa pili uliobeba ufunguo, tundu kwa tundu. Kilichotoka hakisomeki. Mpokeaji akipitisha ufunguo uleule, ujumbe unarudi. Ni hesabu ileile ya daftari lako! Hataza yake ilitolewa 1919, na hesabu hiyo ilikuwa mikononi mwa umma kabla kompyuta yenye kioo haijazaliwa.

Mahakama ziliwezaje kuikubali hataza ya kishale? Mwaka 1972, katika kesi ya Gottschalk dhidi ya Benson, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kutoa hataza kwa njia tupu ya kugeuza namba. Lakini hesabu ikivishwa mashine, yaani kioo, kumbukumbu na saketi, mlango ulikuwa wazi. Na sheria ya huko huichukulia hataza iliyokwisha kutolewa kuwa halali. Mzigo wa kuthibitisha kinyume humwangukia anayeipinga. Naona hapo ndipo haki ilipopindishwa: aliyekuta njia imepitiwa na wengi ndiye aliyetakiwa kuleta ushahidi wa nyayo.

Muda wa hataza ya kishale ulikwisha 1997. Kumbukumbu ilikwishashuka bei, na kompyuta nyingi zingeweza kutunza nakala ya picha chini ya kishale bila shida yoyote.