Samani za Ulaya katika makumbusho ya Rwanda

Mkaazi wa Kibagabaga, wilayani Gasabo jijini Kigali, anayetaka kuona sanaa za mapambo za Ulaya hatapata jumba lililotengwa kwa ajili hiyo. Nchini Rwanda vitu vya aina hiyo hutafutwa katika nyumba za watawala wa zamani, na historia yake haitenganishwi na ya wenye nyumba.

Nyumba mojawapo iliyo karibu ni ya Kanombe, upande wa uwanja wa ndege, yalikokuwa makaazi ya Rais Juvénal Habyarimana. Ndege yake ilipodunguliwa Aprili 6, 1994, mabaki yalianguka kando ya ua wake, na bado yapo. Samani nyingi za awali zimetoweka. Tangu mwaka 2018 vyumba hivyo ni Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda, vyenye michoro na sanamu za wasanii wa sasa.

Kwa samani zenyewe, safari ni ya Nyanza, kusini mwa nchi. Huko nyumba mbili zinatazamana: ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, iliyojengwa upya kwa mfano wa ikulu ya kale, na ya mtindo wa Kizungu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliyoishi Mfalme Mutara III Rudahigwa. Kwenye ya kwanza mgeni huona mikeka, na nyuma yake kibanda cha maziwa na cha pombe. Kwenye ya pili, viti, meza na sebule ya kupokea wageni. Tofauti hiyo haikuwa suala la ladha tu. Wabelgiji walimng'oa baba yake, Yuhi V Musinga, mwaka 1931 na kumtawaza yeye. Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943, jambo ambalo baba yake hakulikubali.

Kasri lake jingine, Rwesero, hakuwahi kulihamia: alifariki mjini Bujumbura Julai 1959.

Uchongaji wa sanamu za watu nao ulikuja kwa sehemu kubwa kupitia wamisionari. Sanaa ya asili ya Rwanda iliegemea zaidi maumbo ya kijiometri, katika vikapu vya agaseke na katika imigongo, mapambo ya ukutani yanayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe. Shule ya Sanaa ya Nyundo, magharibi mwa nchi, ilianzishwa mwaka 1952 chini ya Kanisa Katoliki.