Mtihani Uliozaliwa na Moto

Anayejiandaa kwa mtihani wa fundi mkuu wa umeme nchini Marekani hukaa na kitabu kuliko anavyokaa na koleo. Kitabu chenyewe ni Kanuni ya Taifa ya Umeme, na katika majimbo mengi huruhusiwa kuingia nacho chumbani, kurasa zake zikiwa zimebandikwa vibandiko ili alifikie upesi jedwali analolitafuta. Haambiwi aunge waya. Anaulizwa, kwa mfano, mota inayovuta ampea 40 mfululizo ipelekewe waya wa kubeba ampea ngapi. Jibu ni 50, maana Kanuni inadai asilimia 125. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni mtihani wa karani, si wa fundi. Malalamiko hayo yana chembe ya ukweli, kwa kuwa kitabu kinachotahiniwa hakikuandikwa karakanani. Chanzo chake ni hofu ya mtu ambaye huenda hakuwahi kushika bisibisi: mwenye kampuni ya bima ya moto.

Tarehe zenyewe zinashuhudia. Kituo cha Edison cha Pearl Street, New York, kilianza kuuza umeme Septemba 1882. Mwaka huohuo chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme mjini London kilitoa kanuni zake za kwanza, na jina la kanuni hizo lilitaja waziwazi kuzuia hatari ya moto. Kutokana nazo zilikua kanuni za Uingereza ambazo baadaye mafundi wa Afrika Mashariki walizirithi pamoja na soketi zake. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893, jumba la umeme lilijaa taa na nyaya kiasi cha kuwatia kiwewe wenye kampuni za bima, wakamtuma William Merrill kutoka Boston aende kukagua. Mwaka uliofuata Merrill akaanzisha maabara ya kupima vifaa, ile iliyokuja kuitwa Underwriters Laboratories. Kufikia 1895 Marekani ilikuwa na kanuni tano zilizopingana, hivyo kazi iliyokubalika mji mmoja iliweza kukataliwa mji wa pili. Machi 1896 wahusika wakakutana New York, na 1897 kanuni moja ikachapishwa.

Itasemwa kwamba mafundi nao walikuwa wakifa. Ni kweli. Henry Miller, rais wa kwanza wa chama cha mafundi umeme kilichoundwa St. Louis mwaka 1891, alifariki 1896 baada ya kupigwa na umeme akiwa kazini Washington. Lakini kifo cha fundi juu ya nguzo hakikuitikisa hazina ya mtu kama ghala lililoteketea. Ndiyo maana kanuni ilitangulia, na leseni ikaja nyuma yake: Massachusetts ilipitisha sheria ya leseni mwaka 1915.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba leseni iligeuzwa boma la kuwafungia wengine nje. Hili halikanushiki. Mwaka 1969 serikali ya Nixon ililazimika kuwawekea makandarasi wa miradi ya shirikisho huko Philadelphia malengo ya kuajiri Weusi, na kazi ya umeme ilikuwa miongoni mwa fani zilizotajwa. Hata hivyo, lango kuu la ubaguzi lilikuwa uanagenzi, yaani nani anapokewa kujifunza kazi, na hapo jedwali la ampea halina la kusema. Kuufuta mtihani kusingemfungulia mlango kijana aliyenyimwa mwalimu.

Ama kuhusu ustadi wa mikono, huo hupimwa kwa miaka ya kazi anayotakiwa kuwa nayo mtahiniwa kabla ya kufanya mtihani. Fundi mkuu hubeba dhamana ya nyaya zilizotandazwa na wengine, nazo zikishapigwa lipu hazionekani tena. Waya mwembamba kupita kiasi huwasha taa vizuri tu siku ya kwanza. Hupata joto polepole nyuma ya ukuta, na jicho la mzoefu haliwezi kuuona. Hesabu huugundua kabla haujanunuliwa. Cha ajabu, Illinois, jimbo la Chicago yenyewe, hadi leo haina leseni ya jimbo zima kwa mafundi umeme: kila mji hujiamulia.