Kanisa Lililogeuza Mahabusu Kuwa Darasa

Juni 2008, Arusha ilipokea wageni kutoka Marekani na nchi nyingi za Afrika waliokuja kwenye Mkutano wa Nane wa Leon H. Sullivan. Mwenyeji wao alikuwa Rais Jakaya Kikwete. Wiki ile jina la Sullivan lilizoeleka midomoni, ila mwenyewe alikuwa amefariki miaka saba nyuma. Kabla ya mikutano ya marais alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na kanisa lake moja, Zion la Philadelphia, alilichunga miaka 38. Mambo yote aliyoyafanya yalianzia hapo.

Alizaliwa Oktoba 16, 1922, mjini Charleston, West Virginia, akalelewa kwa sehemu kubwa na bibi yake. Akiwa bado mtoto aliingia dukani, akakalia kiti cha kaunta na kuagiza soda. Mzungu mwenye duka akamfokea asimame, kwani Mweusi hakuruhusiwa kukaa pale. Kisa hicho alikisimulia hadi uzee. Urefu wa futi 6 na inchi 5 ulimpatia ufadhili wa chuo kwa ajili ya michezo. Alipoumia ufadhili ukakatika, akajilipia kwa kazi ya kiwanda cha chuma. Mchungaji Adam Clayton Powell wa Harlem ndiye aliyemvuta New York, ambako alisomea theolojia. Baada ya miaka mitano ya uchungaji South Orange, New Jersey, mwaka 1950 akaitwa Zion. Waumini walikuwa kama 600.

Philadelphia Kaskazini ilikuwa na watu Weusi wengi na ajira chache zilizo wazi kwao. Kampuni ziliwauzia bidhaa kila siku, lakini zikawanyima kazi. Mwaka 1960 Sullivan na wachungaji wenzake wapatao 400 walianzisha walichokiita ununuzi wa kuchagua. Walianza na kiwanda cha keki cha Tasty. Hawakudai makubwa: madereva wauzaji wachache, makarani wachache, na wasichana katika idara ya kupamba keki, ambayo ilikuwa ya Wazungu watupu. Kiwanda kilipokataa, Jumapili iliyofuata tangazo likatoka kwenye mimbari 400: keki hizo zisinunuliwe. Hapakuwa na bango wala maandamano. Baada ya majuma machache kiwanda kilikubali, na kampuni nyingine zikafuata, moja baada ya nyingine.

Ushindi huo ukazaa tatizo jipya. Nafasi zilipatikana, lakini waliofundishwa kuzishika hawakutosha. Sullivan akaiomba serikali ya jiji impe kituo cha polisi kilichoachwa, pamoja na mahabusu yake. Waumini na majirani walichanga walichokuwa nacho, wakasafisha jengo, na Januari 1964 kikafunguliwa Kituo cha Fursa za Ufundi, kinachojulikana kwa kifupi kama OIC. Palipokuwa pakifungiwa watuhumiwa, vijana wakajifunza umeme, uchoraji wa ramani za ufundi na ushonaji kwa cherehani za umeme. Punde ikaonekana kwamba wengine hawakuweza kufuata somo la ufundi kwa sababu hawakujua kusoma vizuri. Yakaongezwa mafunzo ya awali: kusoma, hesabu, historia ya watu Weusi, kujaza fomu ya kazi, na namna ya kujiweka nadhifu mbele ya mwajiri. Mfano wa Philadelphia ukaigwa katika miji mingine mingi ya Marekani, kisha ukavuka bahari hadi Nigeria, Ghana na kwingineko Afrika.

Wakati huohuo Zion ilikuwa na hesabu nyingine mkononi. Jumapili moja ya mwaka 1962, Sullivan alihubiri juu ya mikate na samaki waliolisha watu 5,000, kisha akaomba watu 50 watakaotoa dola 10 kila mwezi kwa miezi 36. Waliojitokeza walizidi 200. Michango ya miezi 16 ilikwenda kwenye mfuko wa huduma, kama vile elimu. Ile ya miezi 20 iliyobaki iliwekezwa, na kila mchangiaji akawa mwenye hisa. Kutokana na fedha hizo yalijengwa makazi ya Zion Gardens, na mwaka 1968 likafunguliwa jengo la maduka la Progress Plaza kwenye Barabara ya Broad, lililojengwa na kumilikiwa na watu Weusi wenyewe.

Mwaka 1971 Sullivan akawa Mweusi wa kwanza kuingia katika bodi ya kampuni ya magari ya General Motors. Mwaka huohuo alisimama kwenye mkutano wa wanahisa, akawapinga wakurugenzi wenzake na kutaka kampuni iondoke Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Hakushinda. Machi 1977 akaja na Kanuni za Sullivan kwa kampuni za Marekani zilizokuwa Afrika Kusini, ambazo kampuni 12 zilikuwa za kwanza kuzikubali: chumba kimoja cha kulia, choo kimoja, malipo sawa kwa kazi sawa, mafunzo na vyeo kwa wasio Wazungu. Walikuwepo waliomlaumu kwamba anaupaka rangi ubaguzi badala ya kuubomoa. Mwaka 1987 yeye mwenyewe alitamka kuwa kanuni hazikutosha, akazitaka kampuni za Marekani zifunge virago. Wachache hukiri hadharani kwamba kazi ya mikono yao haikutosha.

Alistaafu uchungaji mwaka 1988, Zion ikiwa na waumini wapatao 6,000. Mwaka 1991 alitunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani, na mwaka huohuo akaitisha Abidjan mkutano wa kwanza wa ule mfululizo uliofika Arusha. Alifariki Aprili 24, 2001.

Makanisa yetu ni mahodari wa harambee ya paa, uzio na gari la mchungaji. Zion nayo ilipitisha kapu, lakini aliyetoa dola 10 alibaki na hisa, na kijana wa mtaani akapata ufundi. Kanisa lenye kiwanja kitupu na vijana wasio na kazi lina pa kuanzia: watu 50 na miezi 36.