Toleo Jipya Lipo

Kila mhariri wa video hapa Unguja anakijua kile kijisanduku kinachojitokeza pembeni ya skrini: toleo jipya lipo, usasishe sasa au baadaye? Wengi wetu tunabonyeza "baadaye" na kuendelea na kazi, maana harusi ni ya Ijumaa na bi harusi anataka video yake Jumatatu. Mimi nimeshabonyeza "baadaye" kwa miezi. Watu huona ni uvivu, au ni woga wa mambo mapya. Lakini ukiitazama historia ya mji huu na picha zake, utaona kwamba swali hili limeulizwa hapa mara nyingi kabla ya kompyuta kufika, na jibu lake halikuwa moja kila mara.

Tuanze na jibu rahisi kuliko yote. Mwaka 1973, miaka tisa baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilianzisha televisheni yake, tena kwa rangi. Inatajwa kuwa televisheni ya rangi ya kwanza kusini mwa Sahara. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, lakini ya nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza rasmi Januari 1976. Na wenzetu wa Tanzania Bara hawakuwa na kituo chao hadi 1994. Watu huisimulia habari hii kwa fahari, na wana haki. Lakini ndani yake kuna sababu ya kiufundi ambayo haitajwi sana: Zanzibar haikuwa na televisheni ya zamani ya kuilinda. Hapakuwa na kamera za nyeusi na nyeupe zilizolipiwa nusu, wala mitambo ya zamani, wala maelfu ya seti majumbani ambazo zingegeuka makopo. Asiye na kitu cha zamani huanza na kipya bila kupoteza chochote.

Basi hilo ndilo jibu la kwanza: kama ndio unaanza, chukua jipya. Kijana anayenunua kompyuta yake ya kwanza leo pale Darajani hana sababu ya kutafuta programu ya mwaka juzi.

Tatizo linaanza pale unapokuwa na kabati.

Miaka ya 1980 na 1990 makabati yalijaa. Deki za VHS ziliingia majumbani, nyingi zikitoka Uarabuni na jamaa waliokuwa Muscat na Dubai, na harusi ikawa haijakamilika bila mkanda. Kuhariri kulikuwa na maana moja tu: deki mbili na kidole. Deki hii inacheza, ile inarekodi, unabonyeza pozi mahali unapotaka kukata. Ukikosea dakika ya kumi, unarudia kuanzia ya kumi. Kila nakala ilikuwa dhaifu kuliko mama yake, rangi zikivuja, sauti ikipiga mvumo. Na mkanda uliotumwa na jamaa wa Marekani haukucheza vizuri kwenye deki ya huku, kwa sababu Wamarekani walikuwa wakitumia mfumo wa NTSC na sisi tukitumia PAL. Lakini mkanda ulikuwa na wema mmoja: kilichokatwa kimekatwa. Hapakuwa na siri nyengine nyuma yake. Ulichokiona ndicho kilichokuwepo.

Ni kama santuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake zikarudi Zanzibar kuuzwa. Ukiipata leo moja isiyopasuka, unahitaji gramafoni na sindano tu. Santuri haikuombi ufungue mradi, kwa sababu imeshabeba matokeo yenyewe.

Kompyuta ililigeuza jambo hilo. Avid ilitokea 1989, Premiere 1991, Final Cut Pro 1999. Hii ya mwisho ndiyo iliyowafungulia mlango watu wenye mfuko mdogo, na filamu ya Hollywood ya mwaka 2003, *Cold Mountain*, ilipohaririwa kwa Final Cut Pro, hakuna tena aliyethubutu kuiita programu ya watoto. Katika mfumo huu mpya kazi imegawika vitu viwili. Kuna picha mbichi, yaani mafaili yaliyotoka kwenye kamera. Na kuna mradi: faili dogo, pengine jepesi kuliko picha moja ya simu, ambalo halina picha yoyote ndani yake. Lina maamuzi tu. Chukua sekunde hii mpaka hii, ishushe sauti hapa, weka maandishi pale. Picha mbichi zinafunguka na programu karibu yoyote. Mradi unafunguka na programu iliyouandika, na mara nyingi na toleo lile lile au lililo juu yake. Ukishaufungua katika toleo jipya na kuuhifadhi, haurudi katika la zamani. Ni safari ya kwenda tu.

Ndiyo maana tarehe 21 Juni 2011 wahariri wa dunia nzima walipandwa na hasira. Siku hiyo Apple ilitoa Final Cut Pro X, kwa dola 299.99, na papo hapo ikaacha kuuza toleo la 7. Programu mpya ilikuwa na kasi, ilikuwa nzuri kwa macho, lakini haikuweza kufungua miradi ya toleo la 7. Haikuweza hata kuhariri kamera nyingi kwa pamoja. Uwezo huo uliletwa Januari 2012. Kelele zilikuwa kubwa hata kampuni ikaruhusu toleo la 7 liuzwe tena kwa muda kwa wateja walioagiza kwa simu. Miaka miwili baadaye, Mei 2013, Adobe nayo ikatangaza kwamba matoleo mapya ya Premiere hayatanunuliwa tena. Yatakodishwa kwa mwezi.

Kwa Zanzibar, mageuzi haya mawili yalifika kwa sura nyengine. Tuseme ukweli, wengi hawakuwahi kuilipia programu yoyote. Walitiliwa na fundi, imeshavunjwa, pamoja na onyo la kuzima intaneti. Lakini hata kwa anayetaka kulipa kihalali, kodi ya kila mwezi kwa dola, kwa kadi ya benki, ni mzigo kwa mtu ambaye kipato chake kinakwenda na msimu wa harusi na msimu wa watalii. Na kodi ikikatika, mlango unafungwa na kazi zako ziko ndani. Watu wa kisiwa hiki wanajua maana ya kutegemea uzi mmoja unaotoka ng'ambo ya maji. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila umeme wa gridi kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Aliyepitia miezi ile mitatu ya jenereta haamini kirahisi kitu kinachoishi kwa mtu mwengine.

Kuna na jengine, la kwetu khasa. Harusi za wanawake hapa hupigwa na wanawake na kuhaririwa na wanawake, na video zake hazitoki ndani ya familia. Mhariri wa kazi hiyo akishindwa kufungua mradi hawezi kuurusha kwa rafiki yake wa Dar es Salaam amsaidie, wala kuuweka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kwake yeye, kuchagua toleo ni sehemu ya amana aliyokabidhiwa.

Sasa nieleze kwa nini mimi nasitasita. Miaka michache nyuma niliombwa na familia moja ya Ng'ambo nisaidie kutafuta sauti ya bibi yao. Alikuwa mpigaji ngoma, mjuzi wa msondo na kidumbaki, na kabla hajafariki alihojiwa na kampuni ndogo ya filamu ambayo baadaye ilifunga. Filamu yenyewe ilikuwepo kwenye DVD, dakika 26. Lakini ndani yake bibi anasema maneno matatu, kisha msimulizi anamfunika kwa Kiingereza. Familia ilijua kwamba aliongea kwa siku mbili. Picha mbichi tulizipata kwenye diski, mafaili mamia, kila moja jina lake ni namba ya kamera. Na kulikuwa na mradi mmoja wa Final Cut 7 wenye mahojiano yote yaliyopangwa kwa mfuatano, pamoja na alama alizoweka mhariri: hapa anataja nani alimfundisha, hapa anafafanua neno fulani la unyago, hapa msitumie, ameomba.

Hiyo "msitumie, ameomba" ndiyo iliyonifanya nielewe. Picha mbichi zilikuwa salama zote. Kilichofungwa ndani ya mradi kilikuwa ni ahadi aliyopewa bibi. Kama tungezipanga picha upya kwa kubahatisha, tungeyatoa hadharani mambo aliyoyasema kwa sharti la kutotolewa.

Hakuna kompyuta niliyoijua iliyoweza kuufungua. Final Cut 7 haifanyi kazi katika mifumo ya Apple kuanzia ule wa 2017. Mwisho nilielekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima pale Mlandege, na kwenye kona ya duka lake, chini ya kitambaa, palikuwa na Mac ya zamani.

"Hii sijaiunganisha na mtandao toka 2012," aliniambia.

"Kwa nini, Ami?"

"Mwanangu, watu wote wakihama, lazima abaki mmoja wa kukufungulieni mlango."

Mradi ulifunguka kwa dakika nne. Tulitoa mpangilio wote kwa XML, lugha ambayo programu nyengine zinaisoma, na zile alama tukazitoa kama orodha ya maandishi. Nyumbani nikauingiza mpangilio katika DaVinci Resolve, ile ya bure. Maandishi ya kwenye skrini yalipotea na baadhi ya sauti zilihama, lakini bibi alikuwepo, kwa mfuatano wake, na masharti yake pembeni. Yale aliyoomba yasitumike tukawakabidhi binti zake peke yao.

Wapenzi wa fasihi pengine mnajiuliza haya yanawahusu nini. Yanatuhusu, kwa sababu Kiswahili chenyewe kimewahi kuhamishwa toleo. Kwa karne nyingi watu wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, hesabu za biashara, wasia. Wamisionari wa UMCA, Edward Steere akiwa mbele yao, wakaanza hapa hapa Unguja kukichapa Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika nchi nne. Hatukupata hasara tupu. Vitabu vikaenea, skuli zikawa na lugha moja ya kuandikia, na kutoka visiwa hivi wakatoka watu kama Muhammed Said Abdulla, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* ilichapwa 1960, na Adam Shafi, na Said Ahmed Mohamed. Bila toleo lile jipya, tusingesomana kutoka Unguja hadi Bukavu.

Lakini ingia katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe uulize kuhusu makasha. Kuna familia zina barua za babu zao, karatasi nzima, wino haujafifia, lugha ni Kiswahili kile kile tunachoongea, na hakuna ndani ya nyumba anayeweza kuzisoma. Hati za Kiarabu wanazijua kwa Kurani, lakini mkono wa haraka wa mfanyabiashara, usio na irabu, umewashinda. Hakuna aliyezichoma wala kuzikataza. Watu walihama tu, na yule aliyejua pande zote mbili akafariki kabla hajaulizwa. Anayetaka kuzifungua leo anamtafuta maalim mmoja mzee, kama mimi nilivyomtafuta Ami wa Mlandege.

Kwa hiyo nimeamua, na uamuzi wangu hauna ushujaa wowote. Nitasasisha. Toleo jipya linasoma mafaili ya kamera mpya ambayo langu linayakataa, na kubaki nyuma milele nako ni kujifungia. Lakini sitofanya hivyo katikati ya kazi. Nitamaliza miradi miwili iliyo mezani. Kila mradi wa zamani ninaoujali nitautolea video kamili isiyobanwa sana, nakala ya XML, na alama zote kwa maandishi ya kawaida yanayofunguka popote. Nitaiweka katika diski mbili, moja kwangu na moja nyumba nyengine. Toleo jipya nitalitia kwenye kompyuta nyengine.

Na ile kompyuta yangu ya sasa, yenye kibodi kilichofutika herufi, siiuzi. Mtu ameshanipa bei nzuri, nimekataa. Nimeiandikia karatasi juu yake: ina toleo gani, nywila ni ipi, miradi gani iko ndani, na nani aulizwe kabla ya kuifungua.