Fanya juu: ujuzi uliofungwa kwa maneno mawili

Leo nataka tuzungumzie akili bandia, lakini itabidi tuanzie shambani. Vumilia kidogo, utaona kwa nini.

Majuzi nilikuwa naandika "ujuzi" wa kumpa wakala wa akili bandia, yaani programu inayopewa kazi na kuitekeleza hatua kwa hatua. Usiogope jina. Ujuzi ni folda tu yenye faili la maandishi: jina, maelezo mafupi ya wakati wa kuutumia, kisha maelekezo yenyewe. Programu husoma jina na maelezo kwanza. Ikiona yanahusu kazi iliyo nayo, ndipo inafungua yaliyobaki. Kampuni ya Anthropic ilitangaza mtindo huu Oktoba 2025. Uzuri wake ni kwamba mtaalamu anaandika mara moja, nayo maarifa yake yanatumika mara elfu.

Ujuzi wangu ulihusu kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nikaujaribu kwa shamba la Kangundo, kisha kwa shamba la Yatta. Jibu likawa lile lile! Nikampelekea babu aone. Akasoma polepole, akacheka. "Mjukuu wangu, umeandika namna ya kuchimba mtaro. Maji yaende wapi, hukuandika."

Basi nikarudi kwenye historia yetu wenyewe.

Miaka ya 1930 Machakos ilikuwa mfano wa ardhi iliyochoka. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu udongo wetu. Dawa ya serikali ikawa amri: punguzeni ng'ombe, chimbeni mitaro. Mwaka 1938 Wakamba wakaandamana hadi Nairobi kudai mifugo yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye akapelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali nayo ikalazimika kulegeza kamba. Kazi ya mitaro iliendelea kwa kulazimishwa katika miaka ya 1940. Jiulize: mtu aliyechimba kwa kuogopa chifu, ataukarabati mtaro huo chifu akiondoka?

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1950. Watu walichimba kupitia mwethya, yale makundi yetu ya kusaidiana kazi, na njia iliyoshika mizizi ikawa ile ya fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, unakuwa tuta. Juu ya tuta unapanda nyasi, ng'ombe wanapata chakula. Mvua inashusha udongo, tuta linaukamata, na baada ya miaka kadhaa mteremko unageuka ngazi. Ukiurusha udongo upande wa chini, hiyo ni fanya chini: kazi ni nyepesi, lakini ngazi haiji kwa urahisi.

Angalia jina lenyewe. Ni jina na pia ni agizo. Ukilisikia umeshajua nusu ya kazi. Ndiyo maana hata wataalamu wa udongo wanaoandika kwa Kiingereza hulitumia vile vile lilivyo.

Baada ya uhuru mwaka 1963 baadhi ya matuta yalipuuzwa, kisha watu wakayajenga tena kwa wingi, safari hii kwa hiari, kwa sababu waliona mahindi yakisimama. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya wilaya hii, ambayo wakati wa utafiti wao ilijumuisha Makueni. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka karibu mara sita, na bado mmomonyoko ulipungua.

Sisi wa kompyuta tumepita njia kama hiyo. Miaka ya 1970, chuo cha Stanford kule Marekani kiliunda MYCIN, programu yenye mamia ya kanuni za madaktari kuhusu maambukizi ya bakteria. Ilipopimwa ilishindana vizuri na wataalamu, tena iliweza kueleza kwa nini imeamua hivyo. Hata hivyo haikuingia katika kazi ya kila siku ya hospitali. Kufunga maarifa ni jambo moja, kuyafikisha mahali pa kazi ni jambo lingine.

Sasa turudi kwa faili langu. Babu alinieleza, nami nikaandika. Sehemu kavu kama Yatta, mtaro uwe sawasawa, maji yakae yazame. Penye mvua nyingi, uinamishwe kidogo, maji yatoke taratibu kwenda mahali salama. Penye mawe au udongo mwembamba, usichimbe kabisa. Ukikosea hapo, maji yatavunja tuta moja, kisha la chini yake, na shamba litabaki na korongo. Mkulima atakayeuliza simu yake hatajua kwamba kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo, mwenzangu unayeandika ujuzi wa aina hii, usiandike hatua peke yake. Andika wakati wa kuacha, na sababu, ili mwenye shamba aweze kukubishia. Amri tulishapewa miaka ya 1940.

Nami nimepanga Jumamosi niende tena kwa babu na daftari. Yeye hana nakala ya akiba.