Ushikamano wa Matabaka, Si "Kipimo cha Unene"

Orodha moja ya istilahi za uhandisi inayozunguka maofisini imelipa jaribio muhimu la mabamba ya chuma jina la "kipimo cha unene". Jina hilo ni kosa, tena kosa la hatari. Fundi akisoma "bamba lifanyiwe kipimo cha unene" atachukua kalipa, ataandika "milimita 40", atatia sahihi na kwenda zake. Kumbe kilichotakiwa ni kulivuta bamba kutoka uso mmoja hadi wa pili mpaka likatike, ijulikane lilihimili nguvu kiasi gani na lilivutika kiasi gani. Nilipinga jina hilo kwa maandishi, na hoja nikazieleza. Orodha ikachapwa tena bila kubadilishwa hata nukta.

Anayejua bamba linavyotengenezwa hakosei hapa. Chuma cha moto kinapopita kwenye rola, chembe za salfaidi ya manganizi zilizomo hubanwa zikawa vipande vyembamba vilivyolala sambamba na uso, kama mafuta kati ya mikunjo ya chapati. Livute bamba kwa urefu au upana, halina neno. Livute kwa unene, matabaka huachana. Ndivyo hutokea penye maungio ya umbo la T: mshono wa kuchomelea ukipoa husinyaa, huvuta uso wa bamba, na ufa wa ngazi-ngazi hufunguka ndani, mara nyingi bila kuonekana nje. Ufa huo nauita mchaniko wa matabaka. Na kinyume cha kuchanika matabaka ni nini, kama si kushikamana?

Hilo ndilo neno ninalolipigania: ushikamano wa matabaka. Tazameni lilivyojengwa. Mzizi ni shika. Huongezwa -am-, kiambishi cha kauli ya kutendama, kinacholifanya tendo litulie likawa hali, kama tunavyosema gandama na fumbama. Kisha huja -an- ya kutendana: tabaka hili limelishika lile, na lile limelishika hili. Shika, shikama, shikamana. Kiambishi u- mwanzoni na -o mwishoni hukamilisha nomino, sawa na utengano na ulinganyo. Neno zima linaeleza kile ambacho mashine ya kuvutia inakitafuta, na ushikamano wenyewe haukuazima chochote kwa jirani.

Mwenzetu mmoja hung'ang'ania "ufungamano". Kufungamana kunatokana na funga, na kifungwacho huhitaji cha kukifungia. Matabaka ya chuma hayana kamba. Mwingine ametoa "nguvu kingamo". Lakini bamba lina pande tatu za kuvutwa, na kinachokingama mwelekeo wa rola ni upana kabla hakijawa unene. Huyo amezipa pande mbili jina moja, kisha akasifiwa kwa ufupi wa lugha!

Orodha hiyohiyo imeandika "unyumbufu" mahali pa uvutikaji. Kinyumbukacho hurudi kikiachiwa. Chuma kilichovutika hadi shingo yake ikakonda hakirudi kamwe, na kukonda huko ndiko kunakohesabiwa. Kiwango cha Ulaya EN 10164 kina madaraja Z15, Z25 na Z35: vipande vitatu hukatwa kwa kina cha bamba, huvutwa hadi vikatike, na wastani wa kukonda kwa eneo la mkato usipungue asilimia 15, 25 au 35. Herufi Z ni mhimili wa tatu, ule wa unene. Kwa hiyo namba iliyo katika jina la daraja ni ya uvutikaji, wala haihusu unyumbufu hata kidogo. Mhandisi asiyetofautisha mawili haya hawezi kukisoma cheti cha kiwanda.

Matumizi ya neno ushikamano ni mepesi: "Bamba ni la daraja Z25, cheti cha ushikamano kiambatishwe."

Kamati ya orodha hiyo, ikiwa ina neno bora, ilitoe hadharani pamoja na hoja zake, nasi tutalipima. Ikiwa haina, "kipimo cha unene" kifutwe katika chapa ijayo, kwa sababu bamba lililopimwa kwa kalipa peke yake litachomelewa kwenye nguzo, na watu watasimama chini yake.